Mashua ya Mama Chola na Bei Niliyoishusha

Safari hii nimeisimulia mara kumi na moja. Nimehesabu mara mbili, ni kumi na moja. Na kila mara dada yangu mkubwa, Yaya Mado, amenikatiza kabla sijafika mwisho, tena palepale ninapoanza kueleza habari ya bei. Kwa hiyo nyinyi mnaoniuliza kazini, kanisani na kwenye foleni ya maji, someni hapa. Karatasi haina dada.

Habari za kutafuta gari na kukimbizana na vibali naziruka. Mnazijua, na mimi nataka kuzisahau.

Hewa Bora: injini iliyokaa salon

Yaya Mado anakaa mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, na anauza samaki sokoni mwaka wa kumi na tisa huu. Samaki wake wanatoka ziwa Mweru, na kila samaki, kabla hajafika kwenye meza yake, amepita mikononi mwa watu watano, kila mmoja akimmega kipande kisichoonekana kwa macho. Mwaka huu akachoka. Akauza kongelateri, lile sanduku la kugandishia samaki ambalo ndilo lilikuwa linamlisha, akanunua injini ya mashua iliyokwisha kutumika. Akaiweka salon, chumba cha wageni, kati ya televisheni na kabati la vyombo, akaifunika kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake. Wageni walidhani ni redio kubwa.

Kilichobaki kilikuwa mashua yenyewe, na ilipaswa iwe ziwani kabla ya ile miezi ambayo uvuvi unafungwa. Tukishindwa, Yaya Mado angebaki na injini salon, bila kongelateri, bila samaki, bila kazi.

Alinichagua mimi kwenda Kilwa, ile ya ufukoni mwa ziwa Mweru, kununua kwa sababu ya mdomo wangu. Bila kujisifu sana, nimeshanunua magari saba yaliyotumika na watu wengine, na yote saba yalitembea, mengine hadi nyumbani. Najua kukohoa muuzaji anapotaja bei. Najua kutazama saa ambayo imesimama. Zaidi ya yote, najua kuondoka polepole, ili mtu apate nafasi ya kuniita.

Asubuhi ya kuondoka Yaya Mado alinipa neno moja tu.

"Feli, bwato uiangalie mu mayi. Bakisema baitoshe inje, ukatale."

Bwato ndiyo mashua, kwetu, na kuitosha ni kuitoa. Niliitika ndiyo yaya, moyoni nikamhurumia. Nani ananunua gari lililoegeshwa gizani? Kitu kilichotumika unakigeuza, unakichungulia tumboni, unakigonga mbavu. Yaya anajua samaki, nikajiambia. Kununua aniachie mimi.

Hadi Kasomeno: abiria mwenye propela

Nilipanda lori la Patron Kambale, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini anayepeleka chumvi Kilwa na kurudi na samaki wakavu. Ni mtu wa maombi, na lori lake haliwashwi bila maombi. Aliyaombea matairi, moja baada ya jingine, pamoja na lile la akiba. Nilihesabu matairi saba na amina nane. Nilipomuuliza habari ya ile ya nane akasema ni ya dereva, maana huyo ndiye anayemtia wasiwasi.

Kisha akaiona injini.

"Papa Feli, hii masini iko na uzito ya muntu muzima. Italipa nafasi."

Nikamweleza kwamba mtu mzima anasimamisha lori kila saa ili ashuke kichakani, injini haifanyi hivyo. Tulizungushana nusu saa hivi, abiria wote wakisikiliza, na mwisho tukakubaliana kwamba injini ni mtoto. Ikalipa nusu. Niliifunga juu ya magunia ya chumvi, na kitambaa chake cheupe juu, kwa kuwa Yaya Mado alikataa kabisa isafiri uchi.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja mnene, mtulivu, mwenye mwavuli wa buluu. Aliitazama ile injini iliyofunikwa kwa muda mrefu, akaisogezea mwavuli ili jua lisiipige, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa nani wangu. Nilipofunua akaona propela, hakucheka. Alirudisha mwavuli juu ya kichwa chake.

Mwendo wa saa mbili tukafika kwenye kamba ya ushuru iliyokatiza barabara. Mnajua zile kamba: upande mmoja mti, upande mwingine mtu. Mtu wa siku hiyo alipanda juu, akaizunguka injini, akauliza pikipiki hii ina karatasi gani. Nikamwambia si pikipiki, ni injini ya mashua. Akauliza plaki yake, kile kibao cha namba, iko wapi. Nikamwambia mashua haivai plaki. Hapo akafurahi, kwa sababu kitu kisicho na plaki ndicho kinachomleta kazini kila asubuhi. Nikajibu kwamba ushuru wa barabara unalipwa na kinachokanyaga barabara, na hii haina hata gurudumu moja. Alifikiri kwa dhati. Mwishowe akaiandika kwenye daftari lake kama pikipiki iliyokatika, akatoza nusu. Basi injini yetu, kutoka Lubumbashi hadi hapo, ilikuwa nusu mtoto na nusu pikipiki, na mimi nilikuwa nimeshinda mara mbili.

Ushindi unalegeza ulimi. Njia nzima hadi Kasomeno nilimfundisha yule mama wa mwavuli jinsi ya kununua. Nilimwambia naenda Kilwa kwa watu wa ziwa, na kwamba watu wa ziwa ni wepesi: ukikohoa wanaogopa, ukiwaonyesha mgongo wanashusha. Alikuwa akisema "eeh?" kila baada ya sentensi, kama mwanafunzi mzuri.

Kasomeno hadi Kilwa: magunia mia mbili na kumi na nne

Baada ya Kasomeno barabara iliacha kujifanya barabara. Ilikuwa mwezi wa tisa, jua kali, vumbi jekundu mpaka ndani ya meno. Kwenye daraja moja la magogo Patron Kambale alishuka, akaligonga kwa kisigino, akasema mzigo wote ushuke, uvuke kwa mabega ya abiria, lori livuke tupu. Hakuna aliyeuliza kama tulilipa nauli ili tubebwe au tubebe.

Upande wa huku nilihesabu magunia mia mbili na kumi na nne. Upande wa pili, mia mbili na kumi na tatu. Patron alipiga magoti papo hapo na kuanza kuwaombea wezi. Mimi nilihesabu tena. Gunia la mia mbili na kumi na nne lilikuwa chini ya mama wa mwavuli, amelikalia vizuri, amefungua sahani yake na anakula.

"Miye nimeketi," akasema. "Kukaa si kuiba."

Alinikaribisha. Bukari ya baridi, ule ugali wetu mgumu, na chisense, dagaa wadogo wa ziwani, waliokaangwa na pilipili. Tangu niondoke nyumbani sikuwa nimekula kitu kizuri hivyo. Nikamlipa kwa somo jingine, la kutazama saa iliyosimama.

Tulilala kijiji cha mbele, tukafika Kilwa siku ya pili mchana. Nilishusha injini, nikamuaga mama wa mwavuli, nikaenda ufukoni kuulizia nani anauza mashua. Wakanielekeza kwa Mama Chola, amepata kubwa zaidi na ile ya zamani anaiuza. Nikangoja kidogo. Mama Chola akaja, na mwavuli wake wa buluu.

Kilwa: siku nne za ushindi

Mtu mwingine angeona aibu. Mimi niliona changamoto.

Mama Chola alinionyesha maji. Nikatazama. Akanyoosha kidole zaidi, na hapo nikaona, hatua kumi kutoka ufukoni, pua ya mbao imechungulia kama kiboko. Mashua yote ilikuwa chini ya ziwa, imejazwa mawe. Pembeni alisimama fundi wake, Kapasa, mtu mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio.

"Njo hii," akasema Mama Chola, yaani ndiyo hii.

Nimeshauziwa gari lisilo na gia boksi. Nimeshauziwa gari lililokuwa bado la mtu mwingine. Lakini kuuziwa kitu kilichozama, hilo lilikuwa jipya, na nilicheka kwa sauti ili wajue nimewagundua. Nikasema itolewe yote, ipinduliwe juu ya mchanga, nione tumbo.

"Uko unataka tuitoshe?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Tuiweke mu jua?"

Ndiyo, hapo penye jua kabisa.

"Siku ngapi?"

Nikamjibu: mpaka bei itakapokuwa nzuri. Mama Chola alimtazama Kapasa. Kapasa alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Ni sawa, papa. Ni makuta yako." Makuta ndiyo pesa.

Wakatoa mawe, wakaivuta, wakaipindua. Mashua nzuri, mita nane na kidogo, mbao ishirini na sita. Nilizihesabu kutoka mbele, kisha kutoka nyuma. Hakuna ufa hata mmoja. Mama Chola akataja bei: dola elfu moja na mia mbili. Nikakohoa. Akaniletea maji ya kunywa. Nikatazama saa. Akaniambia imesimama. Nikaondoka polepole, na yeye akanipungia mkono.

Nililala vibaya. Lakini kesho yake asubuhi, kabla sijafungua mdomo, akasema elfu moja.

Hapo ndipo nilipojua bado ninao ule uwezo. Nikaondoka tena, taratibu kuliko jana. Siku ya tatu akasema mia nane. Niligundua mistari miembamba kati ya mbao, nikamwonyesha Kapasa kwa kidole, nikisema mashua yenu inazeeka. Alikubali. Siku ya nne ile mistari ilikuwa inapitisha ukucha, na Mama Chola akasema mia sita bila mimi hata kusimama. Sijawahi katika maisha yangu kumwona muuzaji anayevunjika kwa utaratibu kama ule.

Mji wote ulijua habari yangu. Mama aliyekuwa ananipikia alinitilia samaki wa ziwani aitwaye pale, mbichi wa asubuhi hiyo, akaniuliza itatoka milango mingapi. Nilidhani ndivyo wanavyoulizana huku habari ya faida. Nikajibu kwa ujasiri kwamba miwili, nikibahatika mitatu. Akasema basi ni bei nzuri. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuniuliza kama naweza kumwachia mbao mbili za benchi. Nilicheka sana. Nikamwambia, baba, mimi siuzi, nanunua. Akasema atarudi nikimaliza.

Siku ya tano: watu arobaini na sita

Nilitoa dola mia sita mbele ya mashahidi wawili, tukapeana mikono. Kisha nikasema: sasa twendeni tuitie majini, nifunge injini.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anageuza samaki juani aliacha samaki. Nilihesabu watu waliotufuata, arobaini na mmoja. Nikahesabu tena, arobaini na sita, kwa sababu wengine walikuwa bado wanakuja wakikimbia.

Walioibeba waliiweka majini kwa upole, kama mgonjwa. Nikaingia. Maji yakaingia pia, kutoka kila upande, na hayakungoja. Yalipita kati ya mbao ishirini na sita kwa wakati mmoja, kama mtu anayemimina uji kwenye chujio. Nilikaa kwenye kiti cha mashua yangu nikiteremka taratibu, mpaka maji yakafika kiunoni na mashua ikagusa chini. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Walikuwa wananisikitikia.

Mama Chola alikunja kitenge chake, akaja mpaka maji ya magoti.

"Papa Feli. Bwato ilikuwa mu mayi juu mbao isikauke. Ulisema tuitoshe, tukaitosha. Ulisema tuianike, tukaianika. Kila asubui nilikuwa napita, naona imepasuka tena, napunguza bei. Miye siko mwizi."

Nikasema mimi nilidhani anapunguza kwa sababu nilikuwa naondoka.

"Ulikuwa unaenda kula bukari."

Nikajaribu kusema kwamba bei ni bei, na mashua niliyoilipia ni mashua. Alitikisa kichwa.

"Bei ya bwato ilikuwa ile ya siku ya kwanza. Hii ya leo njo bei ya mbao. Hapa kwetu, muntu akianika bwato, anataka milango. Nilikuuliza mara tatu."

Ni kweli. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili zilikuwa tatu.

Simu ililia nikiwa bado nimekaa ndani ya maji. Alikuwa Yaya Mado.

"Umeinunua?"

Nikasema ndiyo, tena kwa nusu ya bei.

"Iko wapi sasa?"

"Iko mu mayi, yaya."

"Juu ya mayi, ao ndani ya mayi?"

Nilitazama upande wa pili wa ziwa, kule Zambia. Kulikuwa na ukungu kidogo.

"Feli."

"Ndani."

Hakunitukana. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake ile salon ambayo sasa haikuwa na kongelateri wala injini. Akasema neno moja, "Ninakuya," akakata.

Wiki ya mawe

Kapasa alikagua kila mbao akasema hatoi ahadi. Tuizamishe tena, inywe maji, tuone kama itafumba. Kama haitafumba, yule mzee wa kanisa atapata benchi zake. Mawe niliyarudisha mwenyewe, sitini na matatu, nikiyakumbatia moja moja, na kila aliyepita aliniambia pole ya kazi. Siku zote hizo nilikaa ufukoni nikilinda kitu kisichoonekana. Nilikuwa na muda wa kufikiri. Nilifikiria zaidi yale masomo niliyompa Mama Chola juu ya magunia ya chumvi, na kila "eeh?" yake niliisikia upya.

Siku ya sita lori la Patron Kambale lilifika, na Yaya Mado akashuka na kopo la lami na furushi la pamba. Aliniangalia kidogo. Akavua viatu, akaingia majini na nguo zake, akapitisha kidole gumba kwenye maungo ya mashua kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anavyokagua matumbo ya samaki. Alipotoka alienda kukaa na Mama Chola chini ya mwavuli wa buluu. Mimi niliwaandalia maneno ya kuanzia. Hawakuyahitaji. Muda wa kula sahani moja ya chisense walikuwa wamekubaliana kwamba samaki wa Mama Chola, wa ile mashua yake kubwa, watashuka moja kwa moja kwenye meza ya Yaya Mado, wakibebwa na Kambale, pasipo wale watu watano. Bei walitajiana mara moja tu. Hakuna aliyekohoa.

Siku ya nane tulitoa mawe. Mashua ilipanda polepole, ikatikisika, ikasimama juu ya maji. Kapasa alijaza pamba na lami palipobaki wazi, akaingia, akakaa, akangoja. Mbao ishirini na tano zilikuwa zimefumba. Moja, ya mbele upande wa kushoto, iliendelea kulia machozi.

"Hii haitafunga tena," akasema. "Itaomba muntu."

Akatafuta huku na huku, akaokota kopo tupu la maziwa ya unga, akaliweka mkononi mwangu.

Kwa hiyo mashua ya Yaya Mado iliingia ziwani kabla ya kufungwa uvuvi, injini ikiunguruma, Kapasa kwenye usukani na wavuvi wawili kwenye nyavu, na mimi mbele kushoto nikichota maji na kuyarudisha yalikotoka. Kwenda, makopo mia tatu na kumi na mawili. Kurudi sikuhesabu mara ya pili; mikono ilikataa. Samaki walijaa beseni tatu, na Yaya Mado, aliyekuwa amesimama ufukoni tangu tuondoke, alizipokea moja moja, akalia kidogo, akajifuta kwa kitenge, akaanza kupanga samaki kwa ukubwa.

Hewa Bora tena

Njia ya kurudi haina hadithi. Daraja lilikuwa lilelile na magunia safari hii yalikuwa ya samaki, mepesi. Pale kwenye kamba, yule mtu aliniuliza pikipiki iliyokatika imekwenda wapi. Nikamwambia imepona.

Mashua iko Kilwa na Kapasa, inavua. Samaki wanafika na Kambale kila wiki, na Yaya Mado ameanza kuulizia kongelateri nyingine, safari hii bila kunituma. Salon, pale kati ya televisheni na kabati ilipokuwa injini, palibaki nafasi. Ameijaza. Ameweka kitu kidogo, amekifunika kile kitambaa cheupe cha kufuma, na wageni hawakiulizii.

Mimi naanza vizuri kila mara. Naeleza Patron na amina zake, naeleza kamba, magunia, chisense. Wageni wanacheka. Kisha nafika pale ambapo nilimshusha Mama Chola kutoka elfu moja na mia mbili hadi mia sita kwa siku nne tu, na hapo Yaya Mado ananikatiza. Anainuka, anakwenda pale kati ya televisheni na kabati, anafunua lile kopo langu la maziwa, na anarudi kukaa.